Njia Iliyokanyagwa na Kwato

Barabara ya Tarime kwenda Mugumu kila dereva wa mkoa wa Mara anaijua. Inapita Nyamwaga, inafika Nyamongo penye machimbo ya dhahabu, inashuka bonde la Mto Mara, inavuka darajani na kuingia wilaya ya Serengeti. Ni njia ya malori, ya Noah zilizoshindiliwa abiria hadi kwenye buti, ya bodaboda zisizopenda kusubiri. Mwenye baiskeli humo ni mtu wa pembeni. Kila honi inamwambia ahame. Lakini kulia na kushoto kwa barabara hiyo umetandazwa mtandao mwingine wa njia usio na kibao wala namba, na gari haliwezi kuingia humo hata dereva atake vipi. Ni mapito ya ng'ombe. Ukijua kuyasoma, utatoka vilima vya Tarime hadi vijiji vya Serengeti na magari utayasikia kwa mbali tu, isipokuwa pale darajani.

Ng'ombe ni mpimaji hodari wa ardhi. Akishuka kutoka nyanda za juu, ambako hewa ni ya baridi na migomba imesongamana na kahawa, hafuati mstari ulionyooka. Anakwenda mshazari, anazunguka jabali, anakwepa tope, anatafuta mteremko usiomwelemea miguu ya mbele. Kundi likipita mahali hapo kila siku, mwaka baada ya mwaka, penye mwinuko mkali panaachwa na penye mwinuko wa wastani panashindiliwa. Sasa mtazame mtu mwenye baiskeli ya Phoenix isiyo na gia, chuma kizito chenye keria ya kubebea gunia. Mahitaji yake ni yale yale: mwinuko wa taratibu, ardhi ngumu, na maji ya kunywa kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo baiskeli ilipofika Ukurya, nchi ya Wakurya, haikungoja kuchongewa njia. Ilikuta imekwisha kukanyagwa.

Kusoma pito kunaanza na kutambua linaelekea wapi. La kwenda mtoni hujulikana kwa kutawanyika: kadiri maji yanavyokaribia, ng'ombe wenye kiu wanaacha mstari, na njia moja inagawanyika vijia vingi vinavyoteremkia ukingoni. La mnadani halitawanyiki. Limebana, na pembezoni lina alama za ndala za wanaoswaga. La malishoni huishia katikati ya nyasi, nawe ukabaki umeshika usukani bila pa kwenda. Halafu kuna suala la kina. Pito la miaka mingi huzama likawa mfereji ambao kingo zake zinafika magotini, na pedali ikishuka inagonga udongo na kukutupa. Waliozoea hawakanyagi mzunguko mzima. Wanakanyaga nusu, wanarudisha nyuma, wanakanyaga nusu tena, pedali zikibaki sambamba na ardhi. Ukimtazama kijana wa huko akipita mfereji wa namna hiyo na madumu ya maziwa nyuma, maziwa hayatikisiki, utaelewa kwa nini nasema huu ni ufundi na siyo mazoea tu.

Udongo nao una masharti. Kichanga chekundu cha miinukoni kinapitika muda mfupi baada ya mvua. Udongo mweusi wa mbugani ni habari nyingine: unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na nguvu za miguu hazisaidii kitu. Mtu anashuka, anavunja kijiti, anachokonoa, anasogea hatua chache, anachokonoa tena. Wakati wa masika siupendekezi kwa mtu yeyote. Kuanzia Juni udongo huo huo hukauka ukawa mgumu, ila nyufa zake zinaweza kumeza tairi jembamba, hivyo macho hayaruhusiwi kupumzika.

Ufundi huu una wazee wake, na hawakuwa waendesha baiskeli. Wizi wa mifugo ni jeraha la zamani katika Ukurya, kiasi kwamba Tarime na Rorya zikawekewa Kanda Maalumu ya Kipolisi. Ng'ombe wakichukuliwa usiku, yowe hupigwa, watu hukusanyika na kufuata nyayo hadi ziishie, na kijiji zilikoishia hutakiwa kujieleza. Wafuata nyayo hao wanatofautisha kwato za jana na za alfajiri: umande umeangukia juu ya alama au umevunjwa na alama; kinyesi kimeshika ngozi juu au bado kibichi; jani lililokanyagwa limenyauka au bado linachuruza. Nimejifunza mengi zaidi kwao kuliko kwa mwendesha baiskeli yeyote, na naamini elimu hiyo ingestahili kufundishwa darasani, hapo hapo Tarime.

Kwa sababu ya wizi huo huo, mgeni anayeinama kutazama kwato njiani hawezi kupita hivi hivi. Adabu ni sehemu ya ufundi. Unashuka kwenye baiskeli kabla ya kuwafikia wazee, siyo baada ya kuwapita.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mura. Unatoka wapi, unaenda kwa nani?"

Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Kwenda tu hakutoshi. Lazima uwe unaenda kwa mtu. Nataja kijiji, nataja mwenyekiti wa kitongoji ambaye nimempa taarifa mapema, na hapo maelekezo humiminika, yale ambayo simu haina: usishukie kwenye mkuyu ule, maji yamekula ukingo, pita juu, kwenye ua wa minyaa. Na ukikutana na kundi, unasimama upande wa juu wa mteremko, baiskeli ikiwa kati yako na pembe, kengele kimya, mpaka mtoto wa nyuma kabisa mwenye fimbo apite. Naye unamsalimia.

Bila fundi wa chini ya mti, mapito haya yangekuwa hadithi. Miiba ya migunga haina huruma na mpira. Fundi anageuza baiskeli miguu juu, anachomoa tairi kwa mipini ya vijiko, anautia hewa mpira wa ndani na kuuzamisha kwenye karai la maji, akiusogeza polepole kati ya vidole hadi vipovu vipande. Anakausha, anasugua kwa msasa, anapaka solusheni. Halafu anangoja, na hapa ndipo fundi anapojulikana: mwanagenzi hubandika kiraka gundi ikiwa bado inang'aa, na kitavuja kabla ya kilima cha kwanza. Mwenye kazi yake anaacha mpaka mng'ao uishe. Kabla ya kurudisha tairi hupitisha ukucha kwenye spoku, moja baada ya nyingine, akizisikiliza kama mpiga iritungu anavyosikiliza nyuzi zake nane. Iliyolegea inatoa sauti butu. Anaikaza robo mzunguko, anapiga tena, anazungusha gurudumu mbele ya jicho moja kuona kama ringi imenyooka. Sijui kazi nyingine ya mikono inayotumia sikio hivyo kwa bei ndogo hivyo.

Ukishavuka Mto Mara, ule utokao misitu ya Mau nchini Kenya na kusafiri karibu kilomita 400 hadi Ziwa Victoria, kanuni zinabadilika. Kando ya maji kuna viboko na mamba, kwa hiyo ukingo haufai kwa mapumziko ya mchana, hata kivuli kiwe kizuri namna gani. Zaidi ya Mugumu, kuelekea Nata, Issenye na Robanda, mapito ya ng'ombe yanapakana na makazi ya wanyama: mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994, na nyuma yake Hifadhi ya Taifa ya Serengeti yenye kilomita za mraba 14,763. Misitu ya kando ya Mto Grumeti, wanakoishi mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani, ningetamani kuipita kwa baiskeli kuliko mahali popote Tanzania. Sitaipita, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kigingi cha hifadhi ndicho mwisho wa safari. Hata upande wa vijijini, tembo huingia mashambani usiku kufuata mahindi, na anayewahi sana asubuhi au kuchelewa jioni anaweza kukutana nao wakirudi. Wenyeji huanza safari jua likiwa limekwisha kupanda na kufika kabla halijazama. Fuata saa zao.

Njia isiyo na magari ikipotea, kuirudisha ni kazi. Huko Uingereza, kati ya Bristol na Bath, kulikuwa na reli iliyokufa. Watu waliichukua kuanzia mwaka 1979, wengi wao wakijitolea, wakaifanya njia ya baiskeli na waenda kwa miguu. Ilipokamilika mwaka 1986 ilikuwa na urefu wa kilomita 21. Nawaheshimu sana waliofanya kazi ile. Walilazimika kuirudisha, kwa koleo na toroli, njia isiyo na magari ambayo nchi yao ilikuwa imeipoteza. Tarime na Serengeti bado hazijaipoteza, ila inamegwa. Kila msimu wa kulima, jembe la kukokotwa na maksai linakula mkono mmoja wa pito, seng'enge inafunga kona, na ng'ombe wanasukumwa barabarani kwenye malori, baiskeli zikiwafuata.

Sheria ya kuzuia hilo tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto dhidi ya shughuli za kudumu, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, uamuzi mkubwa ukipelekwa mkutano mkuu. Basi siku ramani ya matumizi ya ardhi inapotandikwa mezani, wafugaji na mafundi baiskeli wawepo, na mapito yachorwe kwa wino ule ule unaochora mashamba na shule. Pito kuu lipite nje kidogo ya zile mita 60, ng'ombe wateremkie maji mahali palipopangwa badala ya kubomoa ukingo mzima. Upana upimwe kwa makundi mawili yanayopishana. Baiskeli haidai zaidi ya hapo.