Istilahi "Jina la Ukoo" na Nasaba za Pemba

Istilahi huweza kuwa sahihi katika kamusi ikapotosha katika fomu. Ndivyo ilivyo kwa "jina la ukoo", tunayoitumia kufasiri lile jina la mwisho ambalo Waingereza hurithishana kizazi baada ya kizazi. Makala haya yanauliza iwapo istilahi hiyo yafaa kuandikia nasaba za Pemba.

Mpemba aghalabu huandikwa kwa majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake mzaa baba. Marehemu Seif Sharif Hamad, aliyezaliwa Mtambwe mwaka 1943 na kufariki mwaka 2021, kwa wenyeji alikuwa Maalim Seif. Waandishi wa kigeni walipomwita "Bwana Hamad", walimwita kwa jina la mzee wake.

Tuchukue majina ya mfano. Juma Khamis Ali na Faki Khamis Ali ni ndugu wa baba mmoja. Mwana wa Juma ni Salum Juma Khamis, na mjukuu wake ni Haji Salum Juma. Mwana wa Faki ni Kombo Faki Khamis, na mjukuu wake ni Makame Kombo Faki. Tukishika kwamba jina la tatu ndilo la ukoo, Juma atakuwa wa ukoo wa Ali, mwanawe wa ukoo wa Khamis, na mjukuu wake wa ukoo wa Juma mwenyewe! Haji na Makame, ambao babu zao ni ndugu, wataonekana si jamaa. Nao katika sheria ya mirathi ya Kiislamu ni asaba: Haji akifa bila ya jamaa wa karibu zaidi, Makame aweza kumrithi. Hapo shamba la mikarafuu litategemea karatasi inayosema kwamba koo zao ni mbalimbali.

Haina maana kwamba Pemba hakuna majina ya ukoo. Mshairi wa kisiwa hicho wa karne ya 19, Ali bin Said bin Rashid Jahadhmi, alijulikana kwa lakabu ya Kamange. Jahadhmi ndiyo nisba ya ukoo wake. Fomu yenye nafasi tatu haina mahali pa nisba wala pa lakabu, na bila ya lakabu wengi hawatamtambua.

Kwa upande mwingine, Mchaga aitwaye Massawe au Mgoa aitwaye de Souza akihamia Chake Chake, jina lake la mwisho hurithiwa kweli. Kwao istilahi yetu ni sahihi, na hapana sababu ya kuifuta.

Huenda ikasemwa kwamba orodha za serikali zahitaji jina moja la mwisho. Lakini huko Iceland, ambako watu wengi pia hufuata jina la mzazi, kitabu cha simu kilichochapishwa kilikuwa kikipangwa kwa jina la kwanza, na kazi ikaendelea.

Kwa hiyo tunapendekeza nafasi tano katika fomu na katika mti wa nasaba: jina lake, jina la baba, jina la babu, jina la ukoo au nisba kama ipo, na lakabu. Mke aandikwe kwa jina la baba yake, si la mume. Na tahajia ya mwenye jina iheshimiwe: Khamis asigeuzwe Hamisi.

Maneno "kama ipo" ni mafupi, lakini fomu isiyo nayo humlazimisha mtu kujibuni ukoo.