Nipe Mji

Upande wa nyuma wa lile jiwe kuna njia ambayo mbuzi wa jirani huipanda bila kuacha kutafuna. Nalisema mapema kwa sababu kila anayenikuta pale bondeni, chini ya Gakindu, kati ya mibuni na mto, huniuliza swali lilelile: si upite huko? Shosho wangu aliuliza mara moja tu. Alipoona godoro nililobeba mgongoni, aliamua kwamba nimehamia mtoni.

Upande wa mbele hauzidi mita nne. Umekuinamia kama mtu anayetaka kukunong'oneza, na vishikio vyake ni vitano, ukihesabu kwa huruma. Wakweaji wa ng'ambo huiita njia fupi ya namna hii tatizo. Sisi tunalo neno linalofaa zaidi: kitendawili. Jiwe linatega, wewe huna jibu, nalo linadai mji. Kufikia baridi ya Julai nilikuwa nimekwisha kulipa Othaya, Karatina, Mukurwe-ini, na Nyeri yenyewe pamoja na soko lake.

Kuhangaikia mita nne katika nchi ya Mlima Kenya kunachekesha, najua. Kilele cha Batian kina mita 5,199. Halford Mackinder alikifikia mwaka 1899 akiwa na César Ollier na Joseph Brocherel, na vitabu vikamkumbuka. Wapagazi waliowabebea mizigo hawatajwi sana. Jina ninalolipenda mimi ni la Thumbi Mathenge. Mwaka 1973, yeye na Phil Snyder walikuwa wa kwanza kuupanda mfereji wa barafu ulio kati ya Batian na Nelion, ule uitwao Diamond Couloir. Barafu ile imekonda mno tangu siku hizo. Hata mlima, kumbe, hubadilisha vitendawili vyake, na jibu la jana likabaki halina swali.

Jiwe langu halibadiliki, na hapo ndipo uchungu wake ulipo. Mlimani unaweza kusingizia hewa, theluji, mizigo, hata mwenzako. Hapa ukianguka, umeanguka wewe, tena mbele ya watu wanaotoka kupeleka maziwa.

Mengi ya ufundi huu yalianza kwa mtu aliyezoea mambo mawili yasiyofanana. John Gill, Mmarekani, alikuwa mwanahesabu na mwanasarakasi wa ukumbini, na katika miaka ya 1950 aliitoa chaki ya wanasarakasi akaipeleka kwenye mawe. Mkweaji anahitaji yote mawili, hesabu na sarakasi. Mimi nilianza na sarakasi peke yake. Nilivuta kwa mikono kama anayechota maji kisimani, nikachubua ngozi ya ncha za vidole, nikarudi nyumbani nisiweze hata kumenya kiazi. Kidole kilichochubuka kinataka siku kadhaa. Siku hizo mtu hukaa akikwea kichwani: kulia hapa, kushoto pale, kiuno wapi? Kiuno, hasa, ndicho nilichokuwa nimekisahau. Kikiwa mbali na jiwe, uzito wote unaning'inia vidoleni. Ukikisogeza hata upana wa kiganja, miguu inaanza kula mzigo wake.

Baridi nayo ina heshima yake. Wenzangu huilaani Julai ya Nyeri, ukungu kutwa na nguo zisizokauka. Mimi huiombea asubuhi moja kavu tu, kwa sababu vidole visivyotoka jasho hushika jiwe kama ulimi wa ng'ombe unavyoshika nyasi.

Jibu sikulipata nikiwa juu. Nililipata nikiwa chali godoroni, saa kumi na moja jioni, baada ya kuanguka kwa mara ambayo sikuihesabu. Jua lilikuwa limelala, linapiga ule ukuta kwa ubavu, na kila kinundu kikawa na kivuli chake. Kimoja, chini kabisa, kushoto, hakikuzidi punje ya mahindi. Nilikuwa nimekipita wiki sita. Mchana, jua likiwa utosini, hakipo.

Nikakipiga mswaki, mswaki wa meno, ule wa zamani. Kijana wa jirani akaja nyuma yangu na mikono juu, vidole vimeshikana, tayari kunielekeza kwenye godoro. Mguu wa kushoto kwenye punje. Kiuno kikageuka chenyewe, kama mlango unaofunguliwa na mtu aliye upande wa pili. Mkono wa kulia, uliokuwa ukirukia kishikio cha nne na kukikosa, safari hii ulikifikia tu, polepole, kama unaochukua chumvi mezani. Sikuvuta. Kilichobaki kilikuwa kisigino, kiwiko, na kifua kikijikokota juu ya ukingo bila heshima yoyote.

Gakindu ulikuwa mji pekee niliobakiza, na sikuutoa.

"Umeona nini huko?" kijana aliuliza kutoka chini.

Nikamwambia ukweli: mbuzi. Alikuwa amefika kitambo, anatafuna.