Shangazi Ifeoma na Dada wa Makesha

Wengi wetu tulisoma Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie (2003) tukimkodolea macho Eugene, yule baba Mkatoliki anayeombea chakula dakika 20 na kumwadhibu bintiye kwa maji moto miguuni. Siku hizi namsoma dadake zaidi. Dadangu mkubwa yuko kwenye kikundi cha maombi: kesha Jumanne, kesha Ijumaa, mfungo juu ya mfungo, simu imezimwa. Mama anauliza kama amekula. Baada ya Shakahola, 2023, hilo si swali la bure.

Ifeoma anawahofia watoto wa kakake, lakini haanzi kwa kubishana. Anaomba awapeleke hija Aokpe, mahali panaposemekana Bikira Maria ametokea. Eugene atakataaje hija? Watoto wanaishia Nsukka, kwenye nyumba ndogo ambamo watu wanasali, wanaimba, kisha wanacheka mezani. Wasomaji husifu kicheko hicho. Mimi nasifu ile hija, ujanja mtupu wa familia: Ifeoma anasali pia, kwa hivyo anajua lugha ya kuombea ruhusa.

Hapo tu ndipo riwaya inaniacha njiani. Watoto unaweza kuwaalika likizo. Eugene mwenyewe hakuna anayemfikia. Mkewe anamtilia sumu kwenye chai, Ifeoma anahamia Marekani. Dadangu ana miaka 34. Adichie hakutuandikia sura ambayo mtu mzima anaalikwa chakula cha jioni, akaja.