Mkono Unaopima Sumu

Dozi ya vinkristini, dawa ya saratani, kwa paka wa kilo nne ni takriban mililita 0.15, kiasi kidogo mno ndani ya bomba la sindano. Ikivuja nje ya mshipa, nyama ya hapo huweza kufa na kuacha donda. Ndiyo maana daktari wa wanyama anayetibu limfoma ya pua hana pupa. Hunyoa manyoya ya mguu, huchoma kanula mara moja tu katika mshipa usioguswa siku hiyo, hupitisha maji ya chumvi kuhakikisha njia ni salama, ndipo dawa ifuate, kisha maji ya chumvi tena. Akiukosa mshipa, hang'ang'anii. Huhamia mguu mwingine. Msaidizi wake, amevaa glovu na gauni, humtuliza paka bila kumkaba.

Umahiri huo huanza kabla ya sindano. Limfoma ndiyo saratani inayowapata paka zaidi puani, lakini chafya, kukoroma na makamasi yenye damu huletwa pia na fangasi au mafua sugu. Daktari makini hakisii. Hupiga picha ya CT, hukata kinyama cha kupimwa maabara, kisha hukagua figo, kifua na tumbo, kwa kuwa ugonjwa huu hausalii puani daima. Ukiwa puani tu, mionzi ina nguvu sana. Dawa za kemo huongezwa juu yake, au hubeba kazi yote pale ambapo saratani imesambaa au mashine ya mionzi haipatikani.

Mwaka 1983, Susan Cotter wa Marekani alichapisha matokeo ya kuwatibu paka wenye limfoma kwa dawa za siklofosfamidi, vinkristini na prednisoni. Baadaye Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kikaandaa ratiba ya wiki 25 inayoongeza dawa nyingine, doksorubisini. Vinkristini yenyewe hutoka katika mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi, ambao watu wa pwani yetu huupanda uani kwa pambo. Huzuia seli kugawanyika. Siklofosfamidi huharibu DNA ya seli hizo. Saratani inayoihimili dawa moja huweza kushindwa na nyingine.

Ninachokistahi zaidi ni kujua kungoja. Kabla ya dozi, daktari huhesabu chembe nyeupe za damu. Zikiwa chache, huahirisha. Doksorubisini huweza kudhuru figo za paka, hivyo nazo hupimwa. Kidonge cha siklofosfamidi hakikatwi, kwa hiyo hupanga upya siku za kukitoa ili kipimo kilingane na mwili mdogo. Na kwa sababu paka asiyesikia harufu husita kula, kila ziara huuliza habari za chakula, na ikibidi huweka mrija wa kulishia.

Lengo si kuua kila seli kwa gharama yoyote. Ni paka ale, apumue, ajirambe manyoya yake, ambayo kwa kawaida hayanyonyoki. Huenda akapoteza sharubu tu. Limfoma ya pua ni miongoni mwa zinazoitikia tiba vizuri, na wapo paka wanaoishi miaka baada yake.

Lakini mkono huo stadi hauwezi kurudisha muda uliopotea. Paka wako akitokwa damu puani, uso ukivimba au mafua yakikataa kupona, mpeleke kwa daktari mapema.