Picha za Mirihi: Macho Yaone, Ulimi Ungoje

Jioni nyingi hapa Kalemie, kazi za bandari na za soko zikiisha, vijana kadhaa wa parokia yetu hukusanyika penye simu moja yenye mega za kutosha. Hawatazami mpira. Wanatazama mawe. Ni mawe ya sayari Mirihi, ambayo wao waliosoma kwa Kifaransa huiita Mars, nayo yamepigwa picha na gari la magurudumu 6 liitwalo Perseverance, maana yake Uvumilivu. Gari hilo lilitua huko tarehe 18 Februari 2021, wala ndani yake hamna dereva.

Wazee wengine wameuliza: Je, kuna faida gani? Sisi twajibu kwamba faida iko, lakini hatari iko pia. Kwa hiyo tumeona vema kuzipima picha hizo, pamoja na kazi ya wapenzi wanaozitengeneza na kuzieneza, tuone lililo jema na lililo baya.

Kwanza tuseme zinavyopatikana. Tangu Januari 2004, magari mawili Spirit na Opportunity yalipotua Mirihi, shirika la NASA la Marekani limeziweka picha wazi kwa watu wote, hata kabla wataalamu hawajamaliza kuzichungua. Picha hizo ni mbichi. Zile za Opportunity zilifika nyeusi na nyeupe, kila moja imepigwa kupitia kioo cha rangi moja. Atakaye rangi kamili huzipanga tatu, moja juu ya nyingine: nyekundu, kijani na buluu. Kivuli kikisogea kidogo kati ya picha na picha, kando ya jiwe huonekana ukingo wa rangi usiokuwapo. Ni kazi ya subira kama kushona kanzu ya misa.

Kazi hiyo imefanywa na watu wengi wasiolipwa hata senti: walimu, mafundi, wanafunzi. Mmoja wao, Mwingereza Doug Ellison, alianza kama mpenzi tu, na baadaye akaajiriwa California kwenye maabara yale yale yanayoongoza magari hayo. Tena, Perseverance liliposhuka na mwavuli wake, kitambaa cha mwavuli kilikuwa na mistari ya rangi mbili iliyopangwa kwa namna ya ajabu. Muda wa saa chache tu wapenzi hao wakagundua kwamba mistari ile ni maandishi ya siri, wakayasoma. Basi tusiwadharau. Opportunity nalo lilikusudiwa kufanya kazi siku 90. Likaendelea hadi Juni 2018, likiwa limekwenda kilometa zaidi ya 45, na wapenzi hao wakalisindikiza miaka yote kama watu wanaomsindikiza msafiri.

Sasa tuseme makosa, nasi tutaanza na la kwetu. Siku moja tuliwaonyesha vijana picha yenye anga la buluu safi, tukasema: "Tazameni, mbingu ya Mirihi ni kama ya kwetu." Kesho yake kijana mmoja, anayejifunza kazi ya kupaka rangi, akatuuliza: "Mwalimu, kama upepo wa huko una vumbi jekundu, vumbi hilo limekwenda wapi?" Tukakosa jibu. Tulipochungua, tukakuta kwamba picha ile ilikuwa imebadilishwa rangi ili mawe yaonekane kana kwamba yamewekwa chini ya jua la duniani. Wataalamu wenyewe hufanya hivyo, maana hapo ni rahisi kuyatambua mawe. Si uongo, mradi wakiliandika. Lakini aliyetuletea picha ile alikuwa ameyafuta maelezo, na sisi hatukuyatafuta. Kwa kweli anga la Mirihi mchana lina rangi ya vumbi, na buluu huonekana jua linapotua, kandokando ya jua lenyewe. Gari Curiosity lilipiga picha ya machweo hayo tarehe 15 Aprili 2015. Ajabu ya kweli ilikuwapo, nasi tukaipita tukishika ajabu ya kubuni.

Kosa la pili ni la kuziba mapengo. Mtu huunganisha picha nyingi ziwe moja ndefu. Pakibaki nafasi tupu angani, huijaza kwa rangi anayoitaka. Picha inapendeza, twakubali. Lakini afanyaye hivyo bila kusema ni kama mwandishi wa barua anayejaza maneno yasiyosemwa na mwenye barua.

Kosa la tatu ndilo kubwa: moyo kutangulia macho. Mwaka 1976 chombo Viking 1 kilipiga kilima kutoka juu, na vivuli vikafanya mfano wa uso wa mtu. NASA walisema wazi ni kivuli tu, lakini wengi hawakusikia. Picha bora za mwaka 1998 na 2001 zikaonyesha kilima, basi. Tena Januari 2014 mbele ya Opportunity likaonekana jiwe ambalo siku chache kabla halikuwapo, jeupe ukingoni na jekundu katikati, kama andazi lenye jemu. Mtu mmoja akafika hata mahakamani akidai kwamba ni kiumbe hai kinafichwa! Kumbe gurudumu la gari lenyewe lilikuwa limevunja jiwe na kurusha kipande.

Wala ugonjwa huo si wa wajinga peke yao. Mwaka 1877 Mwitaliano Schiaparelli, mtaalamu wa nyota, alichora mistari juu ya Mirihi, na Mmarekani Lowell baada yake akaisadiki kuwa mifereji iliyochimbwa na watu wenye akili. Mifereji ile haikuwapo. Macho yao yaliunganisha madoa yaliyotawanyika, yakafanya mstari.

Je, tuache basi kutazama? Hapana. Sikilizeni faida yake, hasa sisi tulio kando ya ziwa. Mahali alipotua Perseverance panaitwa Jezero, neno ambalo katika lugha kadhaa za Kislavoni maana yake ni ziwa. Ni shimo lenye upana wa kilometa 45 hivi, karibu sawa na upana wa ziwa letu Tanganyika. Lina njia ya mto uingiao na njia ya mto utokao, kama Lukuga wetu. Ndani ya shimo hilo kuna kilima kidogo waliochokiita Kodiak. Gari likakipiga picha kutoka mbali, zaidi ya kilometa 2. Katika picha zile matabaka yalionekana: ya chini yamelala, ya katikati yameinama, ya juu yamelala tena. Ndivyo mchanga unavyojipanga mto unapoingia katika maji yaliyotulia. Oktoba 2021 wataalamu wakaandika kwamba kweli palikuwa na ziwa, zamani sana, miaka zaidi ya bilioni 3 iliyopita. Na mawe makubwa yaliyo juu ya matabaka yaliletwa baadaye na mafuriko. Mvuvi wetu yeyote aliyeona midomo ya mito baada ya masika angeielewa picha ile bila mkalimani.

Lukuga wenyewe unatufundisha jambo la mwisho. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika hapa akasema maji ya ziwa yanatoka kwa mto huu. Mwaka 1876 Stanley akaja, akakuta mafunjo na matope, maji hayana nguvu. Mwishoni mwa 1879 Thomson akauona mto unakwenda kwa kasi. Nani alisema uongo? Hakuna. Mlango ulikuwa umezibwa, kisha ziwa likapanda na kuuzibua. Kila mmoja aliona siku yake. Kuona mara moja hakutoshi.

Ndiyo sababu tunasifu neno la wataalamu juu ya jiwe lililoonekana Julai 2024, lenye madoa kama ngozi ya chui. Septemba 2025 waliandika kwamba madoa hayo huenda yakawa alama ya vijidudu vya kale. Lakini wakaongeza kwamba huenda yakatokea hata pasipo uhai. Kipande chake kimo katika kichupa, nacho kingali huko Mirihi. Wamesema "huenda", nao wanangoja. Vijana wetu walioandika "Uhai umepatikana!" wamejifunza rangi ya madoa tu, neno "huenda" wameliruka.

Mtasema haya ni mambo ya mbali. Lakini simu iletayo mawe ya Mirihi ndiyo iletayo habari za jirani. Sote tumeona picha ya zamani ya vita vya mahali pengine ikirushwa kana kwamba ni ya jana, na ya kijiji kilicho karibu. Usiku ule ule watu hufunga mizigo, na mtu asiye na kosa hutazamwa kwa jicho baya kwa ajili ya kabila lake. Uso wa kilima haukumwua mtu. Picha ya namna hii yaweza kuua, na amri ya nane haikuacha nje mambo ya simu.

Kwa hiyo tumepatana na vijana wetu kanuni tatu. Picha iliyotengenezwa isionyeshwe pasipo ile mbichi kando yake. Aliyeitengeneza aseme alichobadilisha. Tena kabla ya kutoa hukumu, tungoje picha ya pili, iliyopigwa saa nyingine na upande mwingine. Yule kijana mpaka rangi ndiye tuliyemwekea kazi ya kuuliza maswali. Jioni ya kwanza alianza na sisi.