Jicho Husikia Kwanza: Mambo Yanayoonekana Katika Teatre ya Masisi na Walikale

Mchezo wa teatre ukiisha, kwetu watu huulizana: «Walisema nini?» Hakuna anayeuliza: «Walionyesha nini?» Sisi walimu njo wa kwanza kuanguka katika kosa hili. Tunasahihisha maneno ya wanafunzi, tunafuta makosa ya sarufi, tunatafuta methali nzuri ya kumalizia, kisha tunawaambia: «Kwa nguo, kila mtu ajitafutie.» Ndiyo kusema nusu ya mchezo tumeiacha bila mwalimu.

Tulijifunza jambo hili kwa haya. Ilikuwa Jumamosi, juu ya kilima kimoja cha Masisi, katika uwanja wa masomo. Vijana walitayarisha mchezo juu ya ugomvi wa shamba: ng'ombe wameingia katika maharagwe, majirani wamegombana, mwishowe wanapatanishwa. Maandishi yalikuwa mazuri, sisi wenyewe tuliyasahihisha. Lakini kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa, aliingia kijana mwenye kofia pana, buti za plastiki na fimbo ndefu. Watu wakacheka na kumtaja kwa jina la kabila. Akaingia wa pili, suruali imepasuka, jembe begani, miguu imepakwa matope. Na yeye wakamtaja. Wa tatu alitokea nyuma ya miti, amejifunga majani kiunoni, mkuki mkononi. Kicheko kikazidi, lakini jamaa waliotoka upande wa Walikale hawakucheka hata kidogo. Kisha, saa nzima, tulisikia maneno ya amani. Tulipokuwa tunakunja vitu, mama mmoja mzee alitukaribia: «Mwalimu, amani mulisema na kinywa, lakini vita mulituonyesha na macho.»

Hatukuwa na jibu. Makala hii ni jibu letu la kuchelewa.

Mambo yenyewe ni machache

Wanaofundisha kazi ya kupanga jukwaa hutaja vitu vichache: mstari, umbo, rangi, mwanga, hali ya kitu kinapoguswa, na nafasi. Mtu anaweza kudhani kwamba ni elimu ya mbali. Lakini kila mtu wa kwetu anavijua bila kuvitaja. Mstari uliosimama, kama miti ya msitu wa Walikale, unaonyesha nguvu, na mara nyingine unafunga njia. Mstari uliolala, kama mgongo wa vilima vya malisho huko Mushaki, unapumzisha roho. Mstari unaoinama, kama ukuta unaotaka kuanguka, unaleta wasiwasi. Mwigizaji mmoja akisimama wima mbele ya mwingine aliyepiga magoti, tumekwisha kujua nani mwenye uwezo, hata kama wote wawili wamenyamaza.

Rangi ni vilevile. Udongo mweupe, unga mwekundu na makaa meusi vilitumika katika desturi zetu zamani sana kabla ya rangi za dukani. Na juu ya mwanga, ni nani aliyelala Sake usiku ambaye sherti aelezwe maana ya wekundu wa Nyiragongo juu ya mawingu? Tangu milipuko ya mwaka 2002 na 2021, rangi ile haihitaji maelezo.

Kwa hiyo watazamaji wetu wanajua kusoma vitu vinavyoonekana. Shida iko kwetu sisi tunaowaandikia. Tunaandika kwa macho yao bila kujua kama tunaandika.

Karisi ilikuwa teatre

Mwaka 1956, katika Walikale, mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza She-Karisi Candi Rureke akitoa habari za Mwindo. Kazi ile ilidumu siku 12. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene, mtaalamu Mnyanga, walitoa kitabu chake chenye Kinyanga na Kiingereza. Tangu hapo wengi wanaitaja karisi kama «fasihi», ni kusema kitu cha kusoma. Lakini Rureke hakuketi kusoma. Aliimba, alicheza, aliigiza kwa mwili wake. Alitikisa kibuyu, njuga zikalia, na vijana wakamsindikiza kwa kupiga mti mkavu. Hapakuwa na pazia. Mtu mmoja alikuwa baba, mtoto, shangazi, nyoka wa majini na radi.

Aliwezaje? Tutazame vitu ambavyo Mwindo anazaliwa navyo. Katika mkono wa kuume ana conga, ile fimbo yenye mkia wa mnyama. Katika mkono wa kushoto ana tezo. Ubavuni ana mfuko mdogo wa Kahombo, roho ya bahati, na ndani ya mfuko kuna kamba ndefu. Ni vitu vinne tu. Na kila kimoja kina kazi. Mwindo anapoingia chini ya ardhi kumfuata baba yake, anamwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba: ikinyamaza, ajue kwamba mtoto amekufa. Mtunzi wa jukwaa angeweza kutafuta mwaka mzima asipate kitu bora kuliko hiki. Mstari mmoja kati ya mtu tunayemwona na mtu tusiyemwona, na macho ya watu wote yako juu ya mkono wa mama aliyeshika kamba. Hakuna haja ya kupaka rangi kuzimu juu ya ubao.

Tutazame tena mwisho wa hadithi. Shemwindo alitaka kumwua mwana wake, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Sasa wamepatana mbele ya watu. Vinaletwa viti vitatu vya shaba, na haviguse ardhi. Baba yuko upande wa kuume, mwana upande wa kushoto, na katikati yao ameketi Iyangura, shangazi. Kabla baba hajakiri kosa lake, mpango wa viti umekwisha kusema habari: wote wako kimo kimoja, wote wako juu mahali wanapoonekana na kila mtu, na aliyewatenganisha ili wasiumizane ni mwanamke ambaye pande zote mbili zinamwamini. Mapatano yana umbo, tena umbo linaloonekana toka mbali.

Sisi leo tunaonyesha mapatano namna gani? Tunaweka meza. Nyuma ya meza anaketi chefu, au mtu wa shirika mwenye jile. Wagomvi wanasimama mbele yake kama washitakiwa, wamewapa watazamaji mgongo. Kwa maneno tunasema «wamepatana wenyewe», lakini kwa mistari tunasema «wameamriwa». Watu wetu wameona meza za namna hiyo mingi sana, na wanajua kwamba amri inaondoka pamoja na aliyeileta.

Mavazi yanayohukumu

Turudi kwa wale vijana watatu. Kuna mwenzetu aliyetuambia: «Lakini wafugaji wanavaa kofia na buti, mulitaka avae nini?» Ni kweli, wanavaa. Nguo sherti imtambulishe mtu, hasa uwanjani, mahali anayekaa nyuma hasikii vizuri. Hatukatai. Tunachokataa ni kumpa mtu alama moja tu na kuikuza mpaka imeze uso wake. Katika Masisi, Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga na wengine wamechanganyika masokoni na makanisani. Mwenye ng'ombe ana jembe nyumbani, na mlimaji anatamani ng'ombe. Ukimpa mmoja fimbo tu na mwingine jembe tu, umefuta maisha yao yote na umebakiza ugomvi.

Jambo hili si mchezo katika sehemu yetu. Tangu mauaji ya Ntoto, Walikale, mwezi wa 3 mwaka 1993, na vita vilivyopanda mpaka Masisi, tumeona watu wakihukumiwa kwa sura, kwa urefu, kwa kofia, kabla ya kuulizwa jina. Barabarani, njo vile watu walivyochaguliwa. Teatre inayotumia alama zilezile, hata kwa kuchekesha, inawazoeza watoto kuchagua kwa jicho. Na yule wa tatu, mwenye majani kiunoni, ni uongo mtupu. Wazee wa msituni walivaa nguo za magome ya miti zilizopondwa kwa ustadi. Kiuno cha majani tumekitoa katika picha za wageni, tukakirudisha kwetu kama «asili».

Kuna pia bunduki za mbao zilizopakwa rangi nyeusi. Tumekwisha kuona watoto wadogo wakikimbia zilipotokea, na wakubwa wakigeuza uso. Mtunzi anafurahi: «Mumeona, mchezo umewagusa!» Hapana. Kuogopa umbo la bunduki si kuguswa na mchezo. Mtoto wa Masisi hahitaji teatre ili aogope bunduki. Rureke angempa mwigizaji mkono mtupu na mgongo uliokakamaa, na kila mtu angeelewa.

Na kosa lingine, ambalo wazee wanatulaumu kwa haki: kuchukua ngozi ya chui, kofia na vitu vya mwami na kuvifanya mavazi ya kuchekesha. Vitu hivi vina wenyewe na vina masharti. Karisi yenyewe inatufundisha njia: conga ya msimulizi ilikuwa mkononi mwake kwa haki ya kazi yake, haikuazimwa kwa mapambo. Tukitaka kuonyesha mwami, kiti kimoja kilichowekwa mahali pake kinatosha. Tena tuwaulize wazee kabla, si baada.

Shitingi moja

Tusiseme mabaya tu. Tuliwahi kuona, upande wa Walikale, wanafunzi waliokuwa wamerudi toka ukimbizini wakicheza bila kitu isipokuwa shitingi moja, ile nyeupe ambayo kila familia yetu inaijua. Waliishika juu kwa mikono minne, ikawa nyumba. Waliitandaza chini na kuitikisa, ikawa mto. Waliifunga mtu ndani yake, na mama mmoja kati ya watazamaji akashika kichwa. Mwishowe walisimama pembe nne na kuikunja polepole, kama vile watu wawili wanavyokunja shuka baada ya kufua, wakitembea kuelekeana mpaka mikono yao ikagusana. Hawakusema neno. Kila mtu alielewa kwamba watu wamerudi nyumbani.

Mwanga ulikuwa moto mmoja na torshi mbili. Kosa lao moja, kwa maoni yetu, ni kwamba torshi zilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa wanazungusha mwanga ovyo, mpaka usijue utazame wapi. Mwanga ni kidole: ukionyesha kila mahali, hauonyeshi kitu. Lakini mengine yote yalikuwa kazi ya mikono ya ustadi. Vijana wale hawakusoma Mwindo. Hata hivyo walifanya kama Rureke: kitu kimoja, kinachobadilika kwa nguvu ya mwili.

Tunajua kuna watakaosema kwamba huo ni umaskini unaopambwa kwa maneno, na kwamba teatre ya kweli ina jukwaa la mbao, mapazia na taa za rangi. Basi tuwakumbushe Mwingereza Peter Brook. Mwisho wa mwaka 1972 aliondoka Aljeria na waigizaji wake, akavuka jangwa mpaka Naijeria, na kila kijijini walitandaza zulia chini na kucheza juu yake. Alikuwa mtu wa majukwaa makubwa ya London, na alisafiri mbali kutafuta uwanja, duara la watu na kitu kimoja. Kule Kamĩrĩĩthũ, Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi walijenga wenyewe jukwaa lisilo na paa ili kucheza pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o. Serikali ilizuia mchezo, na mwaka 1982 polisi waliubomoa ukumbi wenyewe. Hakuna serikali inayobomoa mapambo. Walijua kwamba mahali pale palikuwa panasema.

Hatusemi kwamba ya kale yote yalikuwa mema. Mavazi na vyeo vya zamani vilitenganisha watu pia, na msimulizi tuliyemsifu alikuwa mwanaume. Leo msichana anaweza kushika kibuyu kile, na tunamtakia.

Tunachoomba kwa walimu wenzetu na kwa viongozi wa makundi ya vijana ni hiki. Kabla ya siku ya kucheza, fanyeni mazoezi mara moja bila neno hata moja. Mtu ambaye hajui habari aketi na kutazama. Kisha mumuulize: nani mwenye nguvu hapa, nani mbaya, nani umemcheka, na wewe mwenyewe ungeketi upande gani? Akijibu kinyume cha maandishi yenu, musibadilishe maandishi. Badilisheni kofia, meza, na mahali pa kusimama.

Sisi, mwaka uliofuata, tulirudi kwenye kilima kile na mchezo uleule wa maharagwe. Wote watatu walivaa nguo moja, shati la masomo. Fimbo, jembe na mkuki vilikuwa chini katikati, na kila mmoja aliviokota kwa zamu. Hakuna aliyetaja kabila. Watu walicheka kidogo kuliko mara ya kwanza, na yule mama mzee, safari hii, aliketi mbele mpaka mwisho.