Ukumbi wa Kuvulia Gambuti na Namna ya Kuupima

Aghalabu mtu anayetaka kuusifu ukumbi wa kuvulia viatu huutazama mwezi wa Januari, sakafu ikiwa kavu na kuta zikinukia rangi mpya, akaridhika na mng'ao wa vigae. Lakini Kitale, mji ulioinuka karibu mita 1,900 baina ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, ambako mvua huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Oktoba, ubora wa ukumbi huo haudhihiriki ila alasiri ya mvua, watu wanaporudi kutoka shamba la mahindi huku udongo mwekundu umewaganda miguuni. Mwenye kutaka kuhukumu kwa insafu na aende saa hiyo.

Aanze nje ya mlango. Fundi mwenye busara hutangulia kuweka njia ya kokoto au mawe bapa, kisha ubapa wa chuma uliosimikwa katika saruji kwa kukwangulia nyayo, kisha bomba fupi lenye karo, ambalo maji yake yameelekezwa migombani au katika shimo lililojazwa mawe, wala hayarudi kuulowesha msingi wa nyumba. Watu wa pwani hawakuwa na tope la namna hii, ila walikwisha kutambua zamani kwamba nyumba haifai kuingiwa kwa ghafula: nyumba za mawe za Lamu zina daka lenye baraza za kuketi, ambapo mgeni hupiga hodi na kungojea kwa staha. Ukumbi wa bara wahitaji heshima iyo hiyo, na fauka ya hayo wahitaji maji.

Sakafu ndiyo roho ya kazi yote, na hapa nataka msomaji asiwe na haraka. Katika nyumba za walowezi waliolima Trans Nzoia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa desturi kutengeneza sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa nta, nayo kwa hakika hupendeza macho. Lakini ikilowa, mzee mwenye mkongojo haiwezi, na vigae laini vya siku hizi havina nafuu yoyote. Iliyo bora ni saruji iliyopitishwa ufagio ingali mbichi, ikabaki na mikwaruzo midogo ya kushika unyayo, na ikateremka kuelekea nje kwa sentimita mbili katika kila mita. Mwaga ndoo ya maji karibu na mlango wa sebule: yakiondoka yote, fundi anajua kazi, yakituama pembeni, au yakikufuata ndani kwa sababu sakafu mbili ziko sawasawa, basi ule ni mapambo tu.

Bungoma, ambako nchi imeshuka na joto limezidi, shida kubwa ni harufu. Gambuti iliyofungiwa kabatini ikiwa mbichi huota ukungu, na iliyoachwa wazi sakafuni hukaribisha chura, naye ni nafuu kuliko nge. Kwa hiyo tafuta vigingi vya kuzitundika kichwa chini, na ukuta wa matofali ya kuchoma ulioachiwa matundu juu na chini ili hewa ipite. Benchi liwe na kimo cha sentimita 45 hivi, mtu aketi na kuvua bila kushika ukuta. La mvule halisumbuliwi na mchwa, la saiprasi lafaa likipakwa rangi, na la mkaratusi mbichi litapinda kabla ya mavuno.

Kuhusu uzuri sina mengi. Ukanda wa rangi ya mafuta, kahawia au kijani kibichi, uliopanda mita moja kutoka chini, ni nadhifu na hufutika. Ukuta mweupe hadi sakafuni ni ubatili. Kioo kikiwapo si dhambi, ingawa sijaona faida ya kujitazama mtu akiwa na tope. Rafu ya dawa za kuogeshea ng'ombe, hata ikichongwa kwa umahiri gani, ni aibu mahali wanapopita watoto.

Nawe unayetaka kujenga, fundi akikuletea ramani, muulize kwanza maji ya ile ndoo yatakwenda wapi. Akibabaika, usimpe arubuni.